FIGO MOJA YATOSHA, SIKU KUMI NA NNE HAZITOSHI



Mtu ambaye figo zake zimekufa hufungwa kwenye mashine yapata saa nne, mara mbili kila juma, ili damu yake isafishwe. Kazi hiyo hufanywa hapa hapa Machakos, katika Hospitali ya Level 5, na twashukuru. Lakini siku mbili kila juma ni siku mbili nje ya kazi, na tajiri wa kuvumilia hayo mwaka mzima hatujamwona bado.

Iko njia nyingine. Mtu mzima mwenye afya aweza kumpa ndugu yake figo moja, naye akaishi kwa ile iliyobaki, maana hiyo hukua ikafanya kazi zaidi. Si jambo la jana. Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, Marekani, Ronald Herrick alimpa figo pacha wake Richard. Mtoaji huyo akaishi hata mwaka 2010! Hapa kwetu kazi hiyo hufanywa Hospitali ya Kenyatta, na Hospitali ya Moi, Eldoret.

Twasikia wengine wakinong'ona kwamba mtoaji hatabeba gunia tena, wala hatazaa. Si kweli. Kupasuliwa si mchezo, twakubali. Ndiyo sababu daktari hupima kwanza damu, presha, sukari na figo zenyewe, na akiona hatari hukataa. Kuuza figo ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Afya ya 2017 yakataza, na mwaka 2025 Serikali ilisimamisha upandikizaji katika hospitali moja ya Eldoret kwa shaka ya biashara hiyo. Ajaye na fedha mkononi, mfukuzeni.

Sasa neno letu la chama. Mtoaji ahitaji kama majuma sita kabla ya kurudi kazini, na mbeba mizigo zaidi. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mgonjwa siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, basi. Tena hizo ni za mgonjwa, na mtoaji si mgonjwa! Mtu aliye tayari kumwokoa dada yake asiogope kwamba watoto watalala njaa. Sisi tuliochimba mitaro kwa mwethya hatuwezi kumwachia mzigo huo peke yake.

Twataka mapatano yajayo na matajiri yawe na kifungu hiki: likizo ya majuma sita kwa mshahara kamili, kisha kazi nyepesi mpaka daktari aseme. Mwenye neno, alikubali au alikataa, amletee katibu wa tawi lake kabla ya mkutano.