Baridi Yabisi: Tusiite Uvivu, Tusiite Uchawi



Mwezi huu tunapenda kuzungumzia ugonjwa ambao katika familia nyingi hupewa majina mawili yasiyo yake: uvivu na uchawi. Mama anaamka asubuhi vidole vimekakamaa. Hawezi kukamua nguo, kushika mchi wala kumfunga mtoto vifungo vya shati. Ifikapo saa nne mikono inalegea, naye anaanza kazi. Hapo wakwe husema, "Huyu huumwa alfajiri tu, wakati wa kazi." Wengine hunong'ona kwamba amekanyaga kitu alichotegewa njiani.

Sisi wauguzi huwapokea akina mama wa namna hii wakiwa wamekwisha kuhangaika miaka miwili au mitatu, vidole vimepinda. Kwa maoni yetu, vidole hivyo havikupindwa na ugonjwa peke yake. Vimepindwa pia na kuchelewa, na kuchelewa huko kumeletwa na majina hayo mawili.

Ugonjwa wenyewe ni baridi yabisi. Ingawa jina lina neno baridi, hauletwi na maji ya kisima wala umande. Unatokana na ulinzi wa mwili kukosea.

Mwenyezi Mungu ameujalia mwili wetu kingamwili, ambazo ni kama askari wa kupambana na vijidudu. Askari hawa humtambua adui kwa umbo lake. Nazo protini za mwili zimeundwa kama shanga zilizotungwa katika uzi. Shanga mojawapo huitwa arginini. Panapokuwa na uvimbe, mwili huweza kuibadili arginini ikawa sitrulini, yenye umbo tofauti kidogo. Badiliko hili hutokea kwa watu wote, wala si ugonjwa. Lakini kwa baadhi yetu askari huiona protini iliyobadilika kuwa ni mgeni, wakaishambulia. Ni kama mbwa anayemng'ata bwana wake kwa sababu amevaa koti jipya.

Mwaka 1998 wataalamu wa Uholanzi walionyesha kuwa kingamwili za wagonjwa wengi wa baridi yabisi huilenga hasa sitrulini hiyo. Kutokana na ujuzi huo kikapatikana kipimo cha damu kiitwacho CCP. Mwaka 2004, huko huko Uholanzi, ilichunguzwa damu iliyokuwa imehifadhiwa ya watu waliowahi kuichangia na baadaye wakaugua. Karibu nusu yao walikuwa na kingamwili za ugonjwa huu katika damu kabla ya kuumwa, wengine kwa miaka mingi. Basi, mgonjwa anayetuhumu jirani kwa ugomvi wa juzi amtuhumu bure. Huenda ugonjwa ulianza kujiandaa zamani, wakati yeye na jirani yake bado wanakula pamoja.

Hata hivyo, tusikifanye kipimo hiki kuwa hakimu. Katika wagonjwa watatu, takriban mmoja hana kingamwili hizo, na bado anaumwa kweli. Aidha, wapo walio nazo ambao hawajaugua. Hospitali nyingi ndogo hazina kipimo hiki, na bei yake ni mzigo kwa familia. Kwa hiyo msikae nyumbani mkisubiri fedha za kipimo. Mganga mwenye ujuzi huanza kwa kuuliza na kuvigusa viungo.

Dalili za kuangalia ni hizi: vifundo vya vidole na vya mikono kuvimba, mara nyingi pande zote mbili, kukakamaa asubuhi kwa nusu saa, saa nzima au zaidi, uchovu usioelezeka, na hali hiyo kudumu wiki sita au zaidi. Wanawake huugua zaidi kuliko wanaume, na wengi huanza wakiwa bado na nguvu za kulea. Si ugonjwa wa wazee tu.

Dawa zipo. Mojawapo ni methotreksati, ambayo huzuia viungo kuharibika ikianzwa mapema. Humezwa mara moja tu kwa wiki. Kuimeza kila siku kunaweza kuua. Mama mjamzito au anayetarajia mimba asiitumie. Amweleze daktari mapema. Tunawaonya pia juu ya dawa za unga zisizo na jina zinazouzwa magulioni. Baadhi ya dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa na steroidi. Hutuliza maumivu kwa siku chache, lakini zikitumiwa kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari.

Akina baba, acheni sigara. Moshi wake huchochea badiliko lile la protini katika mapafu, na wavutaji huugua baridi yabisi zaidi kuliko wasiovuta.

Mtakatifu Paulo alilifananisha Kanisa na mwili wenye viungo vingi. Tuanzie nyumbani. Mama mkwe, ukimwona mkamwana anashindwa kushika mchi asubuhi, usimsimange. Mshike mikono, uangalie kama vifundo vimevimba na vina joto. Kisha mwambie mwanao ampeleke hospitali wiki hiyo hiyo, wakati vidole vyake bado vimenyooka.