Kitasa kipya kabla ya sofa

Mwezi huu tupumzike kidogo na habari za nani anapenda zaidi na nani anachelewa kujibu meseji. Tuongee kuhusu mlango. Ndiyo, mlango wa mbele, ule unaouvuta kila asubuhi begi begani na nusu ya chapati mdomoni. Najua utasema huo ni ukurasa wa mafundi, siyo wa wapenzi. Subiri kwanza.

Nina rafiki yangu ameolewa, hata mwaka haujaisha. Ni mhasibu mjini Mwanza, na mumewe ana kazi inayompeleka Geita siku tatu, nne kwa wiki. Wamehamia Busisi. Miaka ile ya foleni ya kivuko, nani angefikiria kulala Busisi na kufanya kazi mjini? Lakini tangu Daraja la J.P. Magufuli lizinduliwe tarehe 19 Juni 2025, kilomita tatu juu ya ghuba, unavuka kutoka Kigongo kwa dakika chache tu. Wakapata nyumba ya vyumba vitatu, kodi ya kueleweka, na ukikaa barazani ziwa lote ni lako. Wakaanza kupanga manunuzi: sofa, runinga kubwa, mapazia. Bibie akasema yeye anataka kitasa kipya kwanza.

Mume akacheka. "Mke wangu, kitasa si kipo? Mwenye nyumba ametupa funguo mbili."

"Na wapangaji waliotoka walikuwa nazo ngapi?"

Hakuwa na jibu, na mwanaume asiye na jibu unamjua: akahamisha mazungumzo kwenye runinga. Ugomvi ukaanza hapo, wa wiki nzima, na mimi nikaitwa kuwa mwamuzi. Kilichokuwa hakijasemwa ni hiki: usiku mmoja mume akiwa Geita, rafiki yangu alisikia mkono wa kitasa ukishushwa taratibu kwa nje, halafu ukaachiwa. Huenda alikuwa mlevi aliyepotea njia. Huenda siyo. Alikaa macho mpaka alfajiri, simu mkononi, na hakumwambia mumewe kwa wiki mbili, maana alijua ataambiwa ni paka.

Jamani wanaume, hebu someni hapa mara mbili. Wewe ukifikiria mwizi unafikiria runinga. Mwenzio akifikiria mwizi anajifikiria yeye mwenyewe, amelala, peke yake, na wewe uko mbali.

Basi akaitwa fundi, mzee mmoja kutoka Sengerema. Akatusalimia mwangaluka, akakiangalia kitasa, akatoa mfukoni fungu la funguo kuukuu zilizofungwa kwa waya. Wa kwanza ukakataa. Wa pili ukakataa. Wa tatu ukazunguka, mlango ukafunguka, na shemeji yangu akaacha kucheka.

Hakuna uchawi hapo. Vitasa vingi vya bei rahisi, vile vya ufunguo mrefu wenye meno mawili matatu, ndani yake vina vibamba vyembamba vya chuma. Ufunguo unaviinua mpaka kimo fulani ndipo ulimi wa kitasa unarudi ndani. Vibamba vikiwa viwili tu, mipangilio inayowezekana ni michache, kwa hiyo ufunguo wako unaweza kufungua mlango wa mtu wa mtaa wa pili, na wake ukafungua wako. Hapo ndipo funguo malaya zinapopata riziki. Kitasa chenye vibamba vitano ni habari nyingine kabisa. Na kama kitasa chako ni cha silinda, kile cha ufunguo mfupi bapa, raha yake ni kwamba huhitaji kung'oa kitasa chote: unafungua skrubu moja ndefu pembeni mwa mlango, unachomoa silinda, unaweka mpya. Ukihamia nyumba yoyote, fanya hivyo wiki ya kwanza, kabla hata ya kutundika picha za harusi.

Ila silinda nayo ina ugonjwa wake. Pale katikati, skrubu inapopita, chuma ni chembamba. Silinda ikichomoza nje ya mlango, mwizi anaishika kwa koleo na kuivunja. Pitisha kidole chako leo jioni. Ikiwa imejitokeza zaidi ya unene wa sarafu, ni ndefu kuliko mlango wako. Tafuta fupi, na bamba imara la kuizunguka kwa nje.

Watu wanapenda kuamini mwizi ni yule wa kwenye sinema, ameinama na vipini viwili, sikio kwenye mlango. Wapo wa namna hiyo, lakini sanaa yenyewe ni ya subira. Mwaka 1851 fundi Mmarekani aitwaye Alfred Charles Hobbs alikwenda London, akafungua kufuli ya Bramah iliyokuwa imekaa dirishani miaka mingi pamoja na zawadi ya guinea 200 kwa atakayeiweza. Ilimchukua saa 51 zilizogawanywa katika siku 16. Mwizi wa kwetu hana siku 16, jogoo wenyewe watamuumbua. Yeye anatafuta dakika mbili na kelele kidogo. Kwa hiyo anaacha kitasa, anashughulika na mlango.

Na milango yetu, tuseme ukweli, inasikitisha. Unakuta kitasa cha bei mbaya kimefungwa kwenye mlango wa flashi, mbao mbili nyembamba na hewa katikati. Teke moja. Mlango wa nje uwe mbao ngumu nzima, mninga au mkongo ukiweza, au chuma. Halafu tazama kile kibati kwenye fremu ambacho ulimi wa kitasa unaingia. Mara nyingi kimeshikwa na skrubu mbili fupi kama kucha, na ndicho kinachopasuka mlango ukipigwa, siyo kitasa. Mwambie fundi aweke skrubu ndefu za sentimita saba na nusu zipenye fremu mpaka ukutani. Bei yake haifiki ya soda za wageni, na nikiambiwa nichague kitu kimoja tu katika ukurasa huu, nitachagua skrubu.

Kama mlango unafunguka kwa nje, bawaba ziko kwa mwizi, na pini ya bawaba inaweza kugongwa ikatoka. Zipo bawaba zisizotoa pini. Za mlango wa chuma zichomelewe.

Jambo jingine ni lile la kuvuta mlango nyuma yako na kuondoka. Ule ulimi wenye mteremko, unaojifunga wenyewe, unaweza kusukumwa nyuma kwa kadi ngumu ya plastiki. Kinachokulinda ni ulimi wa mraba, na huo hautoki mpaka uzungushe ufunguo. Zungusha, hata kama unakwenda dukani kununua vocha tu. Na usiku usitegemee ufunguo ulioachwa kwenye kitasa, hasa kama kuna dirisha karibu: mkono ukiingia dirishani, umemkabidhi nyumba. Weka komeo juu na chini kwa ndani.

Kufuli sasa. Nani alitufundisha kuning'iniza kufuli kubwa nje ya geti tukisafiri? Kwa barabarani inasomeka kama tangazo: wenyewe hawapo. Afadhali kitasa kilichofichwa ndani ya geti, au kufuli inayofungwa kwa upande wa ndani kupitia kitundu. Kama ni lazima iwe nje, tazama kile chuma kinachobeba kufuli: skrubu zake zikionekana mlango ukiwa umefungwa, mwizi anahitaji bisibisi tu, hata kufuli yako haigusi.

Madirisha sitayasema sana. Busisi ni kwa wavuvi, na wezi nao wanavua: fimbo ndefu, ndoano mwishoni, suruali yenye simu inatoka taratibu kupitia nondo. Usitundike nguo wala kuacha pochi karibu na dirisha, basi.

Hapa shemeji, ambaye tangu lile fungu la funguo alikuwa amegeuka mhandisi wa ulinzi, akataka grili kila mahali na kufuli tatu kila usiku. Rafiki yangu akamuuliza, "Na nyumba ikiwaka moto?" Swali zuri kuliko yote ya siku ile. Grili inayomzuia mwizi kuingia inakuzuia na wewe kutoka, gizani, moshi machoni, ukipapasa ufunguo ambao hukumbuki uliuacha jikoni au kwenye koti. Wakakubaliana msumari mmoja ndani ya korido, mbali na mkono wa dirishani, na ufunguo wa grili haulali popote pengine. Dada wa kazi anaujua, mgeni anaonyeshwa siku ya kwanza. Grili moja ya chumbani ina bawaba na inafunguka. Simu ya zimamoto ni 114, ya polisi ni 112. Ziandikeni kwenye simu ya dada pia. Na wewe unayemfungia mkeo ndani kwa nje unapotoka usiku, eti kwa usalama wake, naomba uache leo.

Pia nikawaambia waende kwa majirani. Usukumani ndiko sungusungu walikoanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mpaka leo jirani anayekujua kwa sura ataamka akisikia bati linalia kwako. Asiyekujua atageuka upande wa pili alale.

Sofa imesogezwa mwezi mmoja. Shemeji mwenyewe ndiye aliyekwenda mjini kununua kitasa, na siku hizi akiwa Geita anapiga simu saa tatu usiku kuuliza kama komeo limeshafungwa. Rafiki yangu anasema hayo ndiyo mahaba.

Limebaki swali mnaloniuliza sana: mlikuwa wapenzi, mkaachana, na ufunguo wako bado anao. Umwombe? Ukimwomba atakuletea, mtakaa, mtaongea, mtalia, na huenda alishachongesha mwingine pale stendi kwa dakika tano. Usimwombe. Nunua silinda mpya Jumamosi asubuhi, fundi ataiweka kabla maji ya chai hayajachemka, na huo alionao akafungulie chupa za soda.