Hasara ya Nani? Ujuzi, Mkataba na Ubora wa Kazi Irumu

Wazo lililoenea zaidi kuhusu ajira mjini Bunia, katika jimbo la Ituri la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na katika wilaya ya Irumu inayopakana nao ni kwamba vijana hawapati kazi kwa sababu hawana ujuzi, na kwa hiyo dawa ni kuwafundisha ushonaji, useremala, uashi, ufundi wa magari na, siku hizi, kompyuta. Wazo hili hupendwa na serikali, mashirika ya misaada na viongozi wa dini kwa pamoja, na si ajabu, kwani humtwika kasoro yule asiye na kazi na kuwaacha salama wote wanaonufaika na jasho lake. Kwamba ujuzi una maana hakuna anayebisha. Lakini anayezitazama kwa makini kazi zinazofanyika kweli kati ya Komanda, Nyankunde, Bogoro na Kasenyi hukuta swali jingine linalotangulia, nalo ni nani hubeba hasara kazi inapoharibika, na sheria humtambua nani kuwa mfanyakazi.

Ulaya imelijadili swali la aina hiyo kwa zaidi ya robo karne, na historia ya mjadala wake ina funzo, ingawa si lile linalonukuliwa mara nyingi. Mwezi Machi 2000, mjini Lisbon, viongozi wa Umoja wa Ulaya walijiwekea lengo la kupata kazi nyingi zaidi na zilizo bora zaidi, kisha mwaka 2001, katika mkutano wa Laeken nchini Ubelgiji, wakakubali vipimo vya ubora wa kazi, dhana inayojumlisha usalama wa mwili kazini, uthabiti wa mkataba, muda wa kazi, nafasi ya kujifunza na sauti ya mfanyakazi katika maamuzi yanayomhusu. Mkazo huo haukudumu. Mkakati uliporekebishwa mwaka 2005, ukuaji wa uchumi na idadi ya ajira vilitangulizwa, na katika miaka hiyohiyo Ujerumani ilipitisha mageuzi yanayojulikana kwa jina la Hartz, yaliyopanua kazi za ujira mdogo, hata ikalazimika Januari 2015 kuweka kima cha chini cha mshahara kwa nchi nzima, ambacho haikuwa nacho, cha euro 8.50 kwa saa. Mwezi Oktoba 2022 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo kuhusu kima cha chini cha mshahara, nalo linazitaka nchi ambazo makubaliano ya pamoja kati ya vyama vya wafanyakazi na waajiri hayafikii asilimia 80 ya wafanyakazi kuandaa mpango wa kuyapanua.

Mfano unaosifiwa kuliko yote ni wa Denmark, ambako mwajiri huweza kumwachisha mtu kazi bila vikwazo vingi, naye aliyeachishwa hulipwa posho na mfuko wa bima ya ukosefu wa kazi huku akipelekwa kwenye mafunzo mapya. Wanaoupeleka mfano huu Afrika hubeba kipande cha mafunzo peke yake. Husahau kwamba mafunzo ya Denmark yanafaa kwa sababu mwanafunzi anakula wakati akifundishwa, na kwamba posho yake inahesabika kwa sababu alikuwa na mkataba na mshahara unaojulikana. Mfumo wenyewe umesimama juu ya maafikiano ya mwaka 1899 kati ya waajiri na vyama vya wafanyakazi, yaani mapatano juu ya nani ana mamlaka gani kazini na mgogoro utatatuliwa vipi, yaliyofikiwa miongo mingi kabla sera za kuwafundisha upya watu wazima hazijapata jina.

Sheria ya kazi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, namba 015 ya tarehe 16 Oktoba 2002, si dhaifu hata kidogo. Inaweka ukomo wa saa 45 za kazi kwa wiki, inakataza mkataba wa muda maalumu kupita miaka miwili, na kuhusu kibarua wa kutwa inasema kwamba aliyekwisha kufanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, huhesabiwa kuwa ameajiriwa kwa mkataba usio na kikomo. Kifungu hicho kimoja kikitekelezwa mjini Bunia, vibarua wengi wa maghala na wa ujenzi, pamoja na wale wanaobeba mizigo ya misaada, wangegeuka wafanyakazi wa kudumu. Kima cha chini nacho kipo: mwaka 2018 kiliwekwa faranga 7,075 kwa siku kwa mfanyakazi wa kawaida, kikapandishwa mwaka 2025. Haki zote hizi, hata hivyo, hupita mlango mmoja, yaani uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa unaoweza kuthibitishwa, na sehemu kubwa ya watu wa Irumu, walimao kakao na kahawa, wanaovua Ziwa Albert, wanaoendesha pikipiki za abiria na wanaochimba dhahabu, hawana mtu ambaye sheria ingemwita mwajiri.

Ushahidi kwamba ujuzi si kiini cha tatizo unapatikana mahali ambapo wengi hawaendi kuutafuta, yaani shuleni. Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mwezi Septemba 2019, madarasa yalijaa, na walimu wenye diploma waliokuwa wakiishi kwa michango ya wazazi wakabaki wakisubiri kuingizwa katika orodha ya mishahara ya serikali. Mwalimu wa namna hiyo ana ujuzi, ana cheti, ana kazi na ana wanafunzi mbele yake. Asichonacho ni mshahara. Kumpeleka kwenye semina ya kuongeza stadi ni kumtibu asiyeugua.

Historia ya dhahabu ya Ituri inaeleza vizuri zaidi jinsi hali hii ilivyojengeka. Dhahabu ilipatikana Kilo, kaskazini mwa Bunia, mwaka 1903, na kampuni ya Kilo-Moto ikaundwa mwaka 1926 kuendeleza uchimbaji ulioanzishwa na dola ya kikoloni. Watu wa kazi walipatikana kwa shinikizo: machifu walitakiwa kutoa vijana, na kodi iliyodaiwa kwa fedha iliwasukuma wengine kwenda wenyewe. Baadaye kampuni ilijenga makazi, zahanati, shule na karakana ambamo mafundi wa mitambo, waashi na makarani walijifunza kazi, hata ikawa chuo kikubwa cha ufundi cha eneo hilo pasipo kuitwa hivyo. Ubora huo wa kazi ulikuwa zawadi ya bwana na si haki ya mfanyakazi, na kwa hiyo ulipotea bwana alipofilisika. Shirika la umma la OKIMO, lililochukua nafasi ya kampuni hiyo mwaka 1966, lilirithi mashimo, mitambo iliyochakaa na ahadi ambazo halikuweza kuzitimiza.

Mwaka 1982 serikali ya Mobutu iliwaruhusu raia kuchimba na kuuza dhahabu na almasi. Ruhusa hiyo haifai kubezwa, kwa kuwa kabla yake mwanakijiji aliyekutwa na punje ya dhahabu alihesabiwa mwizi, na baada yake familia nyingi zilijenga nyumba na kusomesha watoto kwa mapato ya machimbo. Lakini ndiyo iliyohamisha kazi kutoka kwenye kampuni yenye vitabu vya mahesabu kwenda kwenye shimo lisilo na kitabu. Mwenye shimo, ambaye wachimbaji humwita PDG kwa vifupisho vya Kifaransa vya cheo cha mkurugenzi wa kampuni, hutoa chakula, mafuta ya pampu na mbao za kuzuia kuta. Wachimbaji hutoa nguvu. Mchanga ukioshwa na dhahabu ikipatikana, gharama hutolewa kwanza na kilichobaki hugawanywa. Shimo likiwa tupu, mchimbaji hutoka na deni. Likiporomoka, hakuna bima inayomlipa mjane. Zebaki inayotumika kukusanya chembe za dhahabu huchomwa hewani, na mvuke wake hudhuru neva za anayechoma na za watoto walio karibu, nayo gharama hiyo haimo katika hesabu ya mgao wowote.

Kusema kwamba wachimbaji hawa hawana ujuzi ni kutojua wanachokifanya. Kusoma mwamba, kufuata mshipa wa dhahabu chini ya ardhi, kupanga mbao ili paa lisianguke na kuondoa maji ni maarifa yanayojifunzwa kwa miaka chini ya mchimbaji mzoefu. Ni uanagenzi kamili, usio na cheti. Hali kadhalika fundi wa pikipiki pembezoni mwa barabara ya Komanda, anayefungua injini na kuifunga bila kitabu, anakosa karatasi tu.

Mfumo wa serikali wa mafunzo haumfikii mtu huyo, na sababu yake ni ya kifedha zaidi kuliko ya nia mbaya. Taasisi ya taifa ya maandalizi ya kikazi, INPP, iliyoundwa mwaka 1964, hutegemea mchango ambao waajiri hutozwa kwa kufuata mishahara wanayolipa. Utaratibu huo unafaa Lubumbashi, kwenye kampuni kubwa za shaba; katika jimbo ambalo mishahara rasmi ni michache, fedha za mafunzo nazo huwa chache, na hivyo mahali penye uhaba wa kazi nzuri ndipo pia penye uhaba wa njia ya kuzitengeneza.

Pengo hilo limejazwa na miradi, hasa ile ya kuwarejesha wapiganaji katika maisha ya kiraia. Kati ya mwaka 2004 na 2005 wapiganaji wapatao 15,000 walinyang'anywa silaha Ituri. Baada yao zikaja awamu nyingine, makubaliano ya Februari 2020 na kundi la waasi la FRPI, yaliyofikiwa Gety, na mpango wa taifa wa kuwarejesha wapiganaji, P-DDRCS, ulioundwa mwaka 2021, mwaka uleule ambao jimbo liliwekwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Fundisho linalojirudia ni kwamba kijana hupewa mafunzo ya miezi michache na kifurushi cha vifaa, kisha hurudishwa katika soko la kijiji ambalo halina wanunuzi wa kutosha kwa washonaji kumi wapya kwa mpigo, tena barabara ikiwa imefungwa na hofu ya mashambulizi. Kijana anapoiuza cherehani aliyopewa, hafanyi hivyo kwa uvivu. Ni uamuzi wa mtu aliyepewa zana na kuachiwa hasara yote peke yake, wakati kundi la silaha, kwa ubaya wake wote, humhakikishia chakula.

Wapo wanaosema kwamba mazungumzo ya ubora wa kazi ni anasa wakati wa vita, na kwamba kazi yoyote ni afadhali kuliko kukaa bure. Hoja hiyo ina uzito kwa mkimbizi wa kambini anayehitaji mlo wa leo, lakini haiwezi kuwa msingi wa sera, kwa sababu kazi inayomwachia mtu deni na mapafu mabovu haipunguzi umaskini, huuahirisha tu. Zaidi ya hayo, mambo mawili yanayohitajika hayana gharama kubwa. La kwanza ni kuthibitisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, yaani kumpima fundi kwa kazi ya mikono yake na kumpa cheti, jambo ambalo Umoja wa Ulaya uliwahimiza wanachama wake kulifanya kwa pendekezo la Desemba 2012, na ambalo Tanzania imelifanya kupitia mamlaka yake ya ufundi stadi, VETA, kwa jina la urasimishaji wa ujuzi. La pili, lililo gumu zaidi, ni kuutambua mgao wa shimoni kuwa mkataba: kuandika, kwa lugha ambayo wachimbaji wanaielewa, gharama zipi hutolewa kabla ya kugawa, nani hupima, na nani humtibu aliyeumia.

Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inadai mchimbaji mdogo awe na kitambulisho na awe mwanachama wa ushirika, na idara ya SAEMAPE imepewa kazi ya kumsaidia. Hofu kwamba ushirika utatekwa na wenye mashimo, au hata na wenye bunduki, si ya kubuni, kwani ushirika ulioundwa na PDG watano huwawakilisha PDG watano. Ndiyo maana uandikishaji wa mgao ni muhimu kuliko uandikishaji wa ushirika, ingawa serikali huhesabu vyama kwa kuwa ni rahisi kuvihesabu. Shinikizo la nje nalo halitoshi: kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2017/821, inayotumika tangu Januari 2021, inawataka waagizaji wakubwa wa dhahabu kuhakikisha haitokani na ufadhili wa vita, lakini haiulizi mchimbaji alipata sehemu gani, na kwa vyovyote dhahabu nyingi ya Ituri hupita Uganda kuelekea Dubai.

Tarehe ileile ya sheria ya kazi, 16 Oktoba 2002, ilipitishwa pia sheria namba 016 iliyoanzisha mahakama za kazi. Hakimu wa mahakama hiyo anaweza kusoma karatasi ya mgao iliyotiwa dole gumba mbele ya mashahidi na kuamua kama kuna utegemezi unaomfanya mchimbaji kuwa mwajiriwa. Ni vigumu zaidi kwake kuamua juu ya maneno yaliyosemwa mdomoni mwa shimo ambayo PDG anayakana. Kesi moja ya namna hiyo, ikiendeshwa hadi mwisho na hukumu yake ikasomwa kwenye redio za Bunia, ingewaonyesha wakaguzi wa kazi na wachimbaji wenyewe mpaka wa sheria ulipo kwa hakika, na kama bunge ndilo linalopaswa kuusogeza.