Maua ya Kiangazi: Bado Hujachelewa

Mwezi huu wa Desemba wakulima wengi wa nyanda za juu hutazama uwanja wa nyumba zao na kusema, "Vuli inakwisha. Mambo ya maua tungoje masika." Ndugu msomaji, kungoja huko hakuna faida. Masika ikifika, mikono yote huwa shambani kwenye mahindi na maharagwe, wala hakuna atakayekumbuka maua. Wakati wa kupanda ni sasa, udongo ungali na unyevu.

Yako maua yasiyotaka muda mrefu. Zinia, kosmosi na marigoldi huchanua baada ya majuma manane hivi tangu kupandwa mbegu. Ukipanda juma hili, utaona rangi nyekundu, waridi na manjano mlangoni pako mwezi wa Februari, wakati nyasi zote zimekauka. Ukitaka ua la miaka mingi, omba jirani matawi ya jeraniamu. Kata vipande vya urefu wa kidole, ondoa majani ya chini, uvichomeke ardhini mahali penye kivuli kidogo mpaka vishike mizizi.

Wengine watasema, "Maua hayaliwi, na maji ni shida." Neno hilo la maji ni la haki, wala tusilipuuze. Mama aliyebeba mtungi kutoka mtoni asiongezewe safari kwa ajili ya maua. Basi tunasema hivi: maua ya kiangazi yasipewe hata kata moja ya maji safi. Yapewe maji yaliyokwisha fanya kazi, yaani maji ya kuoshea mboga, ya kunawa, na ya kusuuzia nguo. Sabuni kidogo haitayadhuru, lakini maji yenye jiki au mafuta mengi yamwagwe mbali. Kama maji hayo yanatosha mashina kumi tu, panda mashina kumi. Kitalu kidogo kinachotunzwa ni bora kuliko bustani kubwa iliyokufa.

Kazi yenyewe si kubwa. Chimba kitalu karibu na mlango, changanya samadi iliyooza vizuri, panda mbegu, kisha punguza miche ibaki nafasi ya futi moja kati ya shina na shina. Miche ikiinuka, tandaza nyasi kavu juu ya udongo ili jua lisinyonye unyevu. Mwagilia jioni, si mchana. Ua likinyauka likate, na mmea utatoa mengine. Mwishoni acha machache yakauke, utunze mbegu zake mahali pakavu kwa mwaka ujao.

Tena si kweli kwamba maua hayana faida shambani. Boga halizai mpaka nyuki achukue chavua ya ua dume kupeleka kwenye ua jike. Nyuki wakipata chakula karibu na nyumba yako wakati wa kiangazi, watakuwa karibu pia maboga yako yatakapochanua.

Lakini angalia usichukue kila ua zuri unaloliona njiani. Lantana ina maua ya kupendeza, lakini majani yake huwadhuru ng'ombe, na ndege hueneza mbegu zake mpaka malisho yote yaharibike. Usiipande, na kama iko, ing'oe.

Nyumba ya mkulima si ghala la kulala tu. Ni mahali ambapo watoto hukua na wageni hupokewa. Familia inayofanya kazi mwaka mzima ina haki ya kuwa na kitu cha kupendeza macho, hata katika miezi ya vumbi. Basi baba, chukua jembe leo jioni uchimbe kitalu hicho mwenyewe; usimwachie mama. Nanyi watoto, maji ya kunawa msiyamwage ovyo.