Ghala si Shamba: Umeme wa Muziki Katika Matatu

Jioni moja nilipanda matatu Njoro kuja mjini Nakuru. Spika zilinguruma chini ya viti, na giza lilipoingia nikaona jambo: kila besi ilipopiga, taa za mbele zilififia, kisha zikarudi. Nilipomuuliza utingo, alinijibu kwa heshima, "Mwalimu, hiyo ni betri tu imezeeka. Kesho tunaweka kubwa."

Mengi yamesemwa kuhusu kelele za matatu, na kanuni za kuzidhibiti zimekuwapo tangu mwaka 2009. Machache yamesemwa kuhusu umeme unaozilisha kelele hizo, ilhali humo ndimo iliko hatari iliyofichika.

Betri ni ghala. Shamba ni alteneta, ile mashine izungushwayo na mkanda wa injini ili kuzalisha umeme. Kupanua ghala bila kuongeza shamba hakuleti mavuno. Huahirisha njaa tu. Hesabu yenyewe ni ya darasani: gawanya wati kwa volti, upate ampea. Amplifaya inayotoa wati 1,200 katika mfumo wa volti 12 hudai ampea 100 na zaidi, maana sehemu ya umeme hupotea kama joto. Aghalabu alteneta ya gari la kawaida haikuundiwa mzigo huo juu ya ule wa taa na injini. Kinachopungua huchotwa katika betri, na chovya chovya humaliza buyu la asali.

Hatari kubwa zaidi imo katika waya. Waya mwembamba ukipitishiwa mkondo mkubwa hupata joto, na plastiki yake huweza kuyeyuka na kushika moto. Fyuzi iliyowekwa karibu na betri hukatika kwanza, ikaliokoa gari. Lakini wapo ambao fyuzi ikikatika mara kwa mara, huweka kipande cha waya mahali pake. Abiria, wakiwamo wanafunzi, huketi juu ya kosa hilo pasipo kujua.

Mimi ni mwanaisimu, si fundi. Hata hivyo naona hapa ugonjwa wa lugha. Kila hitilafu ikiitwa "betri", tiba itakuwa betri. Jina la kosa likipotoka, matengenezo nayo hupotoka. Kijana wetu hufundishwa fizikia kwa Kiingereza, akaijua kanuni ya kupasia mtihani, kisha akashindwa kuieleza gerejini kwa Kiswahili, lugha anayozungumza na fundi. Wala si kwamba lugha ni maskini. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Na Katiba yetu ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi. Tumekosa daraja kati ya rafu ya vitabu na gereji.

Walimu wenzangu, daraja hilo laweza kuanza kwa kipindi kimoja. Mwalimu wa fizikia na wa Kiswahili waingie darasani pamoja, na wanafunzi waeleze kwa Kiswahili sanifu kwa nini taa hufifia besi inapopiga. Atakayeeleza vyema huenda kesho akawa mwenye matatu, na atajua utaratibu: kwanza alteneta itoshayo, pili waya mnene na fyuzi halali, spika mwisho. Tusipoziba ufa huu, tutajenga ukuta.