Maoni: Kijana wa Masisi na Walikale asingoje kamera ndipo ajifunze filamu

Mwaka 2010 dunia iliona filamu iliyoingia ndani ya mashimo ya madini ya Bisie, katika eneo la Walikale. Filamu hiyo inaitwa Blood in the Mobile. Ilionyesha wachimbaji wa kasiterite na kuuliza madini ya simu yanatoka wapi. Aliyeiongoza, Frank Piasecki Poulsen, ni raia wa Denmark. Alifanya kazi ya maana, lakini swali limebaki: ni lini Walikale itaonyeshwa na mtoto aliyezaliwa Walikale?

Wakaaji wa Masisi na Walikale wamezoea kupigwa picha. Kamera hufika wakati wa vita, watu wakiwa barabarani na magodoro kichwani, kisha zinaondoka. Waliopigwa picha mara nyingi hawazioni tena picha zao, wala hawajui zilisema nini juu yao. Wahenga walisema: asiyekuwepo na lake halipo.

Ndiyo sababu msichana au mvulana wa miaka 15 anayesema anataka kuwa mwongozaji wa filamu, yule ambaye wengi hapa wanamuita realizatere, hapaswi kuchekwa. Mzazi aliyepoteza shamba na ng'ombe ana haki ya kuuliza kazi hiyo italeta chakula gani. Jibu la kweli ni kwamba pesa haziji haraka, na kijana asiache masomo kwa ajili ya filamu. Lakini anayejua kupiga video na kuipanga vizuri anaweza kuitwa kwenye arusi, kwenye mikutano na kwenye redio, huku akiendelea kujifunza.

Mfano haupo mbali. Dieudo Hamadi wa Kisangani alianza kwa masomo ya udaktari, akaingia kwenye filamu kupitia mafunzo mafupi. Mwaka 2014 alitoa Examen d'État, inayofuata wanafunzi wa Kisangani wanaofukuzwa darasani kwa kukosa pesa za walimu, wakajikusanya kujitayarisha wenyewe kwa mtihani wa taifa. Ni mwanafunzi gani wa Masisi asiyeijua hali hiyo? Mwaka 2020 filamu yake nyingine, En route pour le milliard, ilichaguliwa katika orodha rasmi ya tamasha la Cannes, Ufaransa. Inafuata majeruhi wa vita vya siku sita vya Kisangani vya mwaka 2000, wanaoteremka mto hadi Kinshasa kudai malipo yao. Hamadi alichukua yale yaliyokuwa mlangoni pake.

Kazi ya mwongozaji ni kuamua: hadithi ni ya nani, ianzie wapi, nini kionekane na nini kiachwe. Uamuzi huo hauhitaji umeme. Kijana anaweza kuanza na daftari, akaandika kila siku jambo moja aliloliona: nani alifanya nini, wapi, na sauti gani ilisikika. Redio za jamii nazo ni shule nzuri ya kwanza. Anayejua kumuuliza mzee swali fupi na kunyamaza hadi jibu liishe, amekwisha kupata nusu ya ufundi.

Kisha vijana watatu au wanne wanaweza kuungana kwa simu moja. Mmoja aongoze, mmoja apige, mmoja asimamie sauti, mwingine apange vipande. Simu ilazwe, kioo cha kamera kipanguswe, jua liwe nyuma ya anayepiga. Mpigaji amkaribie mtu badala ya kuvuta picha kutoka mbali. Sauti ndiyo inayoharibu kazi nyingi: upepo ukifunika maneno, hakuna atakayetazama hadi mwisho. Simu ya pili ikiwekwa mfukoni mwa anayeongea inaweza kurekodi sauti safi.

Filamu ya kwanza iwe ya dakika tatu. Fundi wa chukudu, mtengenezaji wa fromaji ya Masisi, mama anayeuza mafuta ya mawese: kila mmoja anatosha. Jambo kubwa ni kuimaliza na kuwaonyesha watu. Filamu tano fupi zilizokamilika zinafundisha kuliko moja ndefu iliyoachwa njiani.

Lakini katika maeneo haya kuna onyo linalopaswa kutangulia kila somo. Simu inaweza kumletea kijana kifo. Asipige picha za watu wenye silaha, wa upande wowote, wala bariera zao, hata kwa siri. Asitaje mahali ambapo familia zilizokimbia zimejificha. Hakuna filamu yenye thamani kuliko maisha ya mtu mmoja.

Ruhusa nayo si adabu tu. Mtu aelezwe picha itakwenda wapi, na akikataa, iishe hapo. Kwa mtoto, mzazi aulizwe. Aliyebakwa asionyeshwe sura wala jina. Mwaka 2022 Bernadette Vivuya, mwanahabari wa Goma, pamoja na Kagoma Ya Twahirwa, walitoa filamu Stop Filming Us but Listen, kuijibu filamu ya mwongozaji wa Uholanzi aliyekuja kupiga picha Goma. Jina lake tu ni funzo: acheni kutupiga picha, lakini sikilizeni. Ni vibaya kijana wa hapa akiwafanyia majirani zake yale yale waliyoyalalamikia kwa wageni.

Wakubwa nao wana sehemu yao. Shirika linalokuja kampini kupiga video kwa ajili ya wafadhili linaweza kubaki saa mbili na kuwafundisha vijana watano. Redio inaweza kuwaachia nusu saa kwa juma. Parokia au shule yenye umeme wa jua inaweza kuchaji simu yao. Na wazazi wawape wasichana muda sawa na kaka zao, maana maji na kuni humaliza siku yao kabla hawajashika daftari.

Wengine watasema amani ije kwanza. Lakini wazee wanaojua majina ya vilima, mipaka ya mashamba na jinsi watu wa makabila mbalimbali walivyouziana maziwa na maharagwe, wanafia ukimbizini. Wakizikwa bila kurekodiwa, hata mwongozaji mkubwa wa kesho hatakuwa na wa kumuuliza. Kijana anaweza kuanza jioni hii, kwa nyanya yake na swali moja.