Usiniambie "Una Kipaji"

Wasee, leo nitaudhi watu. Kila nikiposti picha niliyopaka rangi, komenti ya kwanza huwa "bro, una kipaji". Najua unanisifu. Lakini hilo neno linaniibia, na linakuibia wewe pia.

Linaniibia hivi. Juzi jamaa alitaka nimchoree marehemu babake. Nilipomtajia bei akacheka: "Kwani unauza kipaji? Si hicho ulipewa bure?" Hakujua ile sura niliirudia mara tatu. Mara ya kwanza ngozi ilitoka kama jivu, kwa sababu kila penye kivuli nilitia rangi nyeusi. Mara ya pili nikachanganya buluu, nyekundu na kahawia, nikalala nikiwa na furaha. Asubuhi uso umekuwa mzito, maana akriliki ikikauka hukolea kuliko ilivyokuwa mbichi. Mara ya tatu ndipo mzee akaniangalia. Na kanvasi zote tatu nilinunua. Dukani hawapokei kipaji.

Sasa wewe. Unachora jicho moja, linaenda upande, unasema "sina kipaji", unaacha. Nani alikuambia picha nzuri haipitii ubaya? Yangu karibu zote hufika mahali zinakaa kama ukuta uliomwagiwa supu. Hapo ndipo kazi huanza: unarudi nyuma hatua tano, unafinya macho, unatafuta wapi mwanga na giza vimekosana.

Mimi pia nina makosa. Kwa video zangu za sekunde 30 hiyo sehemu huwa naikata. Nawaonyesha mwanzo msafi na mwisho unaong'aa, halafu nalalamika mkidhani ni miujiza. Huo ni uongo, na nimeula faida yake.

Najua kuna mtu anasema, "Wewe uliyeacha chuo unatufunza bidii?" Ndio, niliacha, na mathe bado hajazoea. Sikuambii uache. Kuacha darasa hakumfanyi mtu msanii. Angalia Sane Wadu. Alikuwa mwalimu, akaacha kazi apake rangi. Watu wakasema amerukwa na akili, naye akajiita Sane, yaani mwenye akili timamu. Mwaka 2022, Nairobi Contemporary Art Institute ilionyesha kazi zake za miongo kadhaa. Miongo, bana! Ukiita hiyo yote kipaji, umefuta kila siku aliyoamka akashika brashi wakati watu wanamcheka.

Kwa hivyo kuanzia wiki hii sikati tena. Mtaona jivu, mtaona supu, mtaona kanvasi nilizotupa. Ukitaka kunisifu, niulize ilinichukua siku ngapi. Ukitaka kununua, lipia hizo siku.

Na ile picha uliyoficha chini ya kitanda kwa sababu "iliharibika", itoe. Haijaharibika. Uliiacha katikati.